Vinyungu vya Iringa mjini na hesabu ya mita 60

Kiangazi kikishika Iringa, mjadala wa vinyungu, yaani bustani za matuta zinazolimwa mabondeni kiangazi, nao unaanza. Viongozi wanatamka kwamba watu watoke mabondeni, wakulima wanaomba waachwe wavune kwanza, na wanaojali mito wanauliza sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayolinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, ilitungwa ya nini kama haitekelezwi. Mimi ni mtu wa Mwangata, nimekulia mitaa ya pembezoni ambako ukishuka kilima unakuta bonde, na bondeni unakuta matuta, kwa hiyo siwezi kujifanya sina upande. Naomba tu tuvizungumze vinyungu vya mjini peke yake, tusivichanganye na vya Mufindi au Kilolo.

Wanaotaka viondolewe wana hoja nzito. Mto Ruaha Mdogo unaanzia milima ya Mufindi, unapita Ipogolo, na mji wenyewe unachota maji yake Ndiuka. Kinachomwagwa mtoni juu ya hapo kinaweza kurudi bombani. Mbele zaidi mto unaungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera, lenye mitambo ya megawati 80, kisha maji yaleyale yanateremka kuzungusha mitambo ya Kidatu ya megawati 204. Tena kilimo cha bondeni kimebadilika. Zamani mtu alishuka na jembe na ndoo. Sasa wapo wenye mashine za petroli za kuvuta maji kijitoni, na wapo wanaolima nyanya na kuzipulizia dawa mara kwa mara, hatua chache tu kutoka kwenye maji. Wengine wamechimba mitaro mirefu ya kutoa maji mpaka eneo lililokuwa na majimaji mwaka mzima limekauka. Ukiyaona hayo kwa macho, huwezi kusema kwamba anayepiga marufuku ni adui wa maskini.

Lakini hayo ni makosa ya mashine, ya dawa na ya mitaro mirefu. Kinyungu tulichorithi ni kitu kingine, na nina wasiwasi kwamba wengi wanaokisema kwenye mikutano hawajawahi kukikaribia.

Kazi inaanza mvua zikishakatika. Majani yanafyekwa na kulazwa kwa mistari, halafu udongo mweusi wa bondeni unageuzwa juu yake mpaka tuta linafika magotini. Majani yanaozea humo ndani na kuwa mbolea. Kati ya tuta na tuta panabaki kijifereji cha maji yaliyotulia. Mama anayepalilia anasimama humo, maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, na ni maji ya Juni ya Iringa, baridi inayouma mpaka mfupani. Mahindi, maharage, mchicha, chainizi na maboga ya kula majani yake vinakaa pamoja. Kumwagilia ni kwa nadra, kwa sababu unyevu uko chini na mizizi inaufuata yenyewe. Mvua za Desemba zikirudi, bonde linajaa maji, matuta yanalowa na kubomoka, majani yanaota upya juu yake. Ukipita Februari hutajua kama kuna mtu alilima pale.

Na mahindi mabichi ya Oktoba na Novemba, wakati mashamba ya mlimani bado ni vumbi tupu, ndiyo yanayonunua sare na madaftari ya Januari kwa kaya nyingi ninazozijua. Wengi wenye vinyungu ni akina mama, baadhi yao wajane, na wapo wapangaji wasio na hata kiwanja cha kuanikia nguo ambao hukodi matuta machache kwa msimu.

Shutuma inayorudiwa kuliko zote ni kwamba vinyungu vimekausha Ruaha. Hapa mito miwili inachanganywa. Uliokauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kuanzia mwaka 1993, ni Ruaha Mkuu, unaotoka bonde la Usangu na kupita kinamasi cha Ihefu. Watafiti waliofuatilia chanzo walielekeza kidole kwenye mifereji ya Usangu inayoendelea kuchukua maji hata kiangazi kwa ajili ya mpunga. Ruaha Mdogo, huu wetu, unaungana na Ruaha Mkuu baada ya mto kuipita Msembe, makao makuu ya hifadhi. Tembo wa Msembe hanywi maji ya Mwangata. Futa vinyungu vyote vya mjini kesho, na pale hapataongezeka hata tone. Kwa Mtera hoja inasimama, na naiheshimu; kwa hifadhi haina miguu.

Sasa tuje kwenye mita 60, kwa sababu hapo ndipo mjadala mzima unapogota. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo huo. Mita 60 kila upande zinakuwa mita 120. Katika kila kilomita moja ya kijito hizo ni hekta 12, karibu eka 30. Kwenye tambarare pana, eka 30 hazionekani. Kwenye mabonde yetu membamba, ukianza kuhesabu hatua kutoka kijitoni, mara nyingi hatua ya sitini inakukuta umeshapita matuta yote, umeshapanda kamteremko, umeingia kwenye ua wa nyumba ya mtu, umesimama karibu na choo chake cha shimo. Yaani mita 60 hizi ni bonde zima pamoja na safu ya kwanza ya nyumba. Swali langu kwa wanaosimamia sheria ni hili: kati ya tuta la mchicha linalobomoka lenyewe kila Desemba na choo cha shimo, msingi wa matofali na sakafu ya zege, kipi ni cha kudumu? Kipi kinapeleka uchafu mtoni mwaka mzima? Mbona futi kamba inavutwa kwa ajili ya mchicha tu? Kumfukuza mwenye jembe ni rahisi, maana hana hati wala mwanasheria, na kuvunja nyumba kuna kesi na fidia. Naelewa ugumu huo. Ila tusiuite uhifadhi.

Maana bonde likiachwa bila mkulima halibaki tupu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 151,345 katika Manispaa ya Iringa. Ya 2022 ikahesabu 202,490. Zaidi ya watu 51,000 wameongezeka kwa miaka kumi, na wote wanahitaji pa kulala. Palipoondolewa vinyungu huja kwanza takataka, halafu tofali za kuchoma, halafu mtu anapanda miti ya milingoti (mikaratusi) ili kuonyesha kwamba eneo lina mwenyewe. Milingoti inanyonya maji kuliko mahindi yoyote, na haiondoki Desemba. Baada ya milingoti huja msingi wa nyumba. Mwenye kinyungu ndiye mlinzi pekee ambaye bonde limewahi kuwa naye bila kulipwa mshahara, kwa sababu anajua likijengwa naye amekwisha.

Kuna jambo jingine lisiloingia kwenye ripoti. Sisi wa pembezoni hatuna bustani za kupumzikia wala barabara za kujivunia. Kinachotutambulisha ni hayo mabonde ya kijani mwezi wa tisa, mji wote ukiwa umekauka rangi ya udongo. Watoto wanavukia humo kwenda shule, watu wa vilima viwili wanakutana na kusalimiana kwa Kihehe, "Kamwene!", na mboga inanunuliwa ikiwa bado na umande. Mtaa ukipoteza hilo unakuwa nyumba zilizopangana tu, kama pembezoni ya mji wowote.

Kwa hiyo mimi ningechora mstari hivi. Mita chache kutoka ukingoni ziachiwe matete na majani, jembe lisiguse. Chemchemi zenyewe zizungushiwe na ziachwe kabisa. Mashine za kuvuta maji, milingoti na ujenzi mpya vipigwe marufuku bondeni kote, na dawa za nyanya ziondoke na nyanya zenyewe. Matuta ya jembe yabaki. Sheria ina nafasi hiyo: kifungu hichohicho cha 57 kinampa waziri uwezo wa kutoa miongozo ya shughuli za watu ndani ya mita 60. Na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazitambua jumuiya za watumia maji, ambazo huku mjini zinaweza kukabidhiwa bonde moja moja zilisimamie, kwa kuwa mwenye tuta anamjua kwa jina jirani mwenye mashine. Miongozo hiyo ijadiliwe mvua zikiwa bado zinanyesha, kabla mtu hajafyeka. Tamko la Agosti, mahindi yakiwa yamefika kiunoni, linamkuta mama ameshamaliza mtaji wake.