Barua ya baba mkwe: maelezo ya mtuhumiwa

Naomba niwahi kabla kinyozi hajafungua saluni, maana leo Jumamosi ana vichwa vingi na kila kichwa kina masikio mawili.

Habari inayozunguka ni kwamba baba mkwe wangu kaniandikia kwa mkono wake barua ya mambo ya wanawake, na mke wangu kaikuta mfukoni mwa shati. Wadau, sikatai. Barua ipo. Mwandiko ni wa mzee. Mwanamke katajwa, tena si mmoja, watatu. Ila kinyozi anasimulia kama anavyonyoa: anaanza na kisogo, akifika usoni mteja keshalala.

Kwa wasionijua, na kwa mliojifanya hamnijui tangu juzi: nina stesheneri Barabara ya 8, Ngamiani, ukuta mmoja na saluni yake. Natoa kopi, nachapa barua, nawajazia watoto fomu za mkopo mtandaoni. Yaani ugali wangu unatoka kwenye intaneti. Ukweni ndiyo usiseme, mimi ndiye profesa. King'amuzi kikigoma naitwa mimi. Mzee mwenyewe nilimwingiza mimi WhatsApp, nikajuta, kwa sababu alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu na bado hajakubali kwamba kastaafu. Ukimwandikia "ntakuja badae", anajibu: "Nitakuja baadaye. Karibu."

Sasa. Siku matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mke wangu alikuwa Muheza kwenye arobaini. Likumbukeni hilo. Mimi nikaitwa ukweni, Barabara ya 14, kwa sababu binti wa shemeji alikuwa miongoni mwa watahiniwa. Sebule imejaa. Mzee kwenye kiti chake, mama mkwe chini kwenye mkeka anasuka ukili, shemeji, na majirani wawili waliokuja kuomba chumvi tangu saa nne na chumvi wameishika mkononi. Binti mwenyewe kakaa mlangoni anakula embe bichi kwa pilipili, hana hata wasiwasi. Ningekuwa na akili ningejiuliza kwa nini hana wasiwasi.

"Shem," shemeji akasema, "rusha kwenye runinga tuone wote."

Runinga ni mpya, inchi 43. Nikairusha. Simu yangu yote, na dhambi zake, ikapanda ukutani.

Hapa kosa ni langu na sitamsingizia mtu. Ukienda kwenye tovuti yenyewe ya Baraza la Mitihani unakuta jedwali kavu kabisa: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, masomo na alama zake. Hakuna kinachocheza. Lakini mimi nikaandika tu "matokeo kidato cha nne" nikabonyeza kilichotokea juu, kiblogu fulani chenye vitufe sita vya kijani vimeandikwa BONYEZA HAPA KUONA MATOKEO. Katika sita hivyo hakuna hata kimoja cha matokeo. Ni kama kuuliza njia pale stendi: watu sita wanakuonyesha, wote wapiga debe.

Nikabonyeza. Ikafunguka kamari. Nikarudi, nikabonyeza kingine. Skrini ikawa nyekundu, simu ikaanza kutetemeka mkononi kama kuku anayetaka kuchinjwa, na runinga ikatangaza kwa maandishi ya ngumi: SIMU YAKO INA VIRUSI 13.

Mama mkwe akamvuta mjukuu mdogo aliyekuwa ameegemea goti langu. "Njoo huku wewe. Kumi na tatu hao."

"Si virusi, mama," nikasema kwa sauti ya kitaalamu. "Ni tangazo tu. Narudi nyuma."

Nikabonyeza mshale wa kurudi. Ukurasa ukapepesa, ukarudi uleule. Nikabonyeza tena, uleule. Mara nane, wadau, mbele ya ukwe, na kila mara virusi 13 vinanikaribisha upya. Sasa najua ujanja wake: ukurasa ule unajipachika mara nyingi kwenye orodha ya ulikopita, kwa hiyo kila ukirudi nyuma unarudi kwake. Wakati ule nilidhani nimerogwa. Nikaona alama ya X kwenye kona, nikaibonyeza. Ile X ilikuwa picha ya X. Ni sehemu ya tangazo. Nayo ikafungua kamari.

Jasho likaanza. Shemeji akauliza taratibu, "Shem, hii ndiyo unayowafanyia wateja?"

Na hapo sasa nitakwenda polepole, kwa sababu kinyozi hapa anapita mbio.

Kwanza ilisikika sauti. Ting. Runinga ya shemeji ina spika nzuri.

Kisha kutoka juu ya skrini kikashuka kikaratasi cheupe, taratibu, kama pazia la harusi. Kushoto kina picha ndogo ya dada aliyevaa kama mtu aliyegongewa mlango akiwa anaoga. Kulia kina maandishi.

Wote tukatazama juu.

Mimi nikataka kukisukuma kirudi kilikotoka. Nia ilikuwa kukipeleka juu. Kidole kilikuwa na jasho, kikateleza, kikavuta chini. Wenye simu mnajua ukivuta chini kinatokea nini. Pazia lote likafunguka. Wakatokea wote. Aliyegongewa mlango, mwenzake mwenye miwani ya jua, mwingine mgongo tu, wamepangana mmoja chini ya mwingine kama abiria wa daladala ya Pongwe, inchi 43, saa tano asubuhi.

Ukili ukasimama.

Mzee akavua miwani ya mbali. Akaipapasa ya kusomea, ile iliyofungwa uzi mweusi kwenye bawa moja. Akaivaa. Akainuka, mkono kiunoni, akatembea hatua nne mpaka kwenye runinga, akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kusoma kwa sauti ile iliyoimaliza shule nzima:

"Mwanamke. Upweke. Tatu. Katika. Tanga. Wanasubiri. Wewe. Umbali mia nane em. Yeye. Ni. Mtandaoni. Sasa."

Kimya. Kwa jirani kuku alitaga, tukamsikia.

Mzee akageuka, si kwangu, kwa darasa. "Makosa mangapi?"

Hakuna aliyejibu. Akamtazama mjukuu wake mlangoni.

"Mengi, babu," binti akasema, embe mdomoni.

"Taja."

"Upweke ni hali, mtu ni mpweke."

"Ehe."

"Wakiwa watatu si mwanamke, ni wanawake. Na ni watatu, si tatu."

"Tena tumeanza na watatu," mzee akagonga kioo kwa kucha, "halafu mwishoni tunaambiwa 'yeye'. Yeye yupi? Wenzake wawili wamekwenda wapi?" Ndipo akanigeukia. "Nani kaandika hivi?"

"Mashine, mzee."

"Mashine ya nani?"

Ningemjibu nini? Mama mkwe akaingia na swali lake, bila kuinua macho kwenye ukili: "Mita mia nane kutoka hapa ni wapi?"

Nyie, hamjui uzuri wa mtaa wenye barabara za namba mpaka siku mtu anapokutafutia hawara kwa hesabu. Shemeji akafumba jicho moja kama anapima kiwanja. "Sisi tuko ya 14. Mita mia nane... kama ya 5 hivi."

"Au upande ule, ya 20 na ushee," akasema jirani wa chumvi.

"Ya 5 si yuko yule mjane?"

"Yule kaolewa Mfungo Sita," mama mkwe akasema. "Na hakuwa mpweke hata kabla."

Wakaanza sensa. Barabara kwa barabara, nyumba kwa nyumba, wapweke wote wa Ngamiani wakahesabiwa mbele yangu, na kila jina likitajwa wananitazama usoni kuona kama nimeshtuka. Nilishtuka majina yote. Mtu akiwa na hofu anashtuka hata akitajiwa bibi wa miaka tisini. Huyo naye wakamweka kwenye orodha.

Subirini kidogo, kuna mdau kaniuliza pembeni, "Lakini uliwapataje?" Swali zuri. Siku nne kabla nilikuwa natafuta mechi ya Coastal Union, ya bure. Ubingwa wetu wa ligi ulikuwa 1988. Mtu anayesubiri tangu 1988 ana subira, hawezi kushindwa na ukurasa mzito. Ukurasa ukaniambia: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Nikabonyeza. Mechi sikuiona. Kumbe ile Ruhusu haikuwa ya roboti, ilikuwa ya kuruhusu tovuti ile inipigie kengele saa yoyote, hata nikiwa nimeshaifunga. Haikuingia kwa dirisha. Ilibisha hodi, nikasema karibu. Tangu hapo kila asubuhi nafungua duka, nawafuta akina dada, kama anayefagia majani huku mwembe umesimama palepale. Na hii ni kazi yangu, narudia. Watu wananilipa niwasaidie na hivi vitu.

Basi. Binti akafuta mkono kwenye gauni, akasema, "Anko, lete." Akashika kile kikaratasi kwa kidole bila kukiachia, chini yake kumbe muda wote kuliandikwa jina la tovuti iliyokituma. Mwizi alikuwa ameacha kadi yake ya biashara. Akakizima. Akaingia Chrome, nukta tatu, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, akanionyesha orodha ya niliowaruhusu. Walikuwa kumi na moja. "Hawa wote umewakaribisha mwenyewe, anko," akasema, na runinga ikathibitisha. Akaangalia na panapoitwa madirisha ibukizi, yale yanayoruka yenyewe (jina kama ugonjwa wa kuku), akakuta mimi huyuhuyu niliyafungulia siku moja nikijaza fomu ya mtu na sikurudishia. Akafunga. Na wale virusi 13 hakuhangaika na mshale wala X, aliufunga ukurasa mzima na kuutupa. Dakika mbili, na embe hakuliacha.

Matokeo? Divisheni ya pili. Alijua tangu saa tatu kwa simu ya rafiki yake. Alikuwa anasubiri kuniona tu.

Jioni nikaweka kivinjari kingine, Firefox, kwa sababu Chrome ya simu za Android haipokei viongezo, vile viprogramu vya kupachika, na Firefox inapokea, nikaipa uBlock Origin, kiongezo cha kuzuia matangazo. Kwenye mipangilio ya simu, panapoandikwa DNS ya faragha (DNS ndiyo inayoielekeza simu tovuti ilipo), nikaandika dns.adguard-dns.com inayozuia matangazo; sehemu hiyo ipo kuanzia Android 9, haihitaji kupakua chochote. Haikamati kila kitu, ila simu imetulia kama imetoka kwa mganga.

Usingizi hata hivyo haukuja, nikakaa kutafuta nani alianzisha. Madirisha haya yanayoruka yalianza miaka ya 1990, kwenye tovuti iitwayo Tripod, na aliyeandika programu yake ni Mmarekani Ethan Zuckerman. Kampuni ya magari ilikuwa imelalamika kukuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya chumbani. Wakaona bora tangazo liwe na dirisha lake, pembeni, heshima ibaki. Yaani lilibuniwa ili watu wasiaibike! Mwaka 2014 aliomba radhi hadharani, akaeleza kwamba nia ilikuwa njema. Nimempokea. Lakini angeanzia Barabara ya 14.

Sasa barua. Wakati naaga, mzee alichana karatasi ya kalenda ya mwezi uliopita, akaandika nyuma yake kwa kalamu ya wino, akapuliza ikauke. "Ukimpata mwenye ile mashine," akasema, "mpe." Mkwe akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Nikaikunja, nikaitia mfukoni mwa shati, nikaisahau.

Mke wangu akarudi Jumanne. Alhamisi akafua.

Hakusubiri nirudi. Alikuja stesheneri na shati lenyewe likiwa bado na povu, wateja wawili kwenye foleni ya kopi, na ng'ambo ya ukuta mashine ya kinyozi ikanyamaza ghafla. Nikajieleza. Nilianza na Coastal, nikafika virusi, nikaona sura yake, nikasema basi mpigie baba. Akampigia, akaweka spika, akasoma bila kupumua, machozi yanamlenga:

"Wanawake watatu wapweke wa Tanga walio umbali wa mita 800 kutoka ulipo wanakusubiri. Baba, ni wewe uliyemwandikia mume wangu haya?"

Upande wa pili kimya. Kisha sauti ile ya darasani:

"Ni mimi, mwanangu. Ila baada ya 'Tanga' niliweka mkato, na baada ya 'ulipo' mwingine. Mbona umepita moja kwa moja?"