Mchawi anayeosha vyombo kwa mkono

Mwishoni mwa msimu wa korosho uliopita, bibi yangu mzaa mama alishuka kutoka Newala kuja Mtwara mjini kutibiwa macho. Alikaa kwangu Chikongola wiki tatu. Mchana alisuka ukili, jioni hana la kufanya, na king'amuzi changu kilikuwa kimeisha kifurushi siku nyingi. Nikafungua laptopu, nikamwekea vichekesho vya zamani vya Kimarekani viitwavyo Bewitched, nikakaa pembeni kumtafsiria.

Niliogopa kumwambia kwamba mhusika mkuu ni mchawi. Kwa bibi neno hilo halichezewi, hasa usiku. Lakini huyu Samantha, aliyeigizwa na Elizabeth Montgomery kuanzia 1964 hadi 1972, ni mrembo, nywele zimetengenezwa, nyumba inang'aa. Akichezesha pua, mambo yanakwenda yenyewe. Shida ni kwamba usiku wa harusi kamweleza mumewe ukweli, na mume akamwahidisha aache. Basi mwanamke mwenye uwezo wa kuhamisha gari kwa pua anasimama jikoni kusugua vyombo. Bibi alitazama weee, akasonya.

"Huyu si mchawi. Huyu karogwa."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu kipindi kile, sijaona uchambuzi uliofikia maneno hayo ya bibi.

Kilichomshtua zaidi wala hakikuwa uchawi. Ni mama mkwe. Endora, mama yake Samantha, anamdharau mkwewe waziwazi, hata jina lake hataki kulitaja sawasawa: Darrin anaitwa Derwood leo, kesho jina jingine la kubuni. Kwetu juu Makondeni, ambako kijana alikuwa akioa anahamia ukweni na kulima huko kwanza waone kama anafaa, mkwe na mama mkwe wanapishana njiani kwa adabu, achilia mbali kukaa sebule moja wakirushiana maneno. Bibi alijifunika uso kwa khanga. Alicheka mpaka akakohoa, ila alijifunika.

I Dream of Jeannie, kilichoanza 1965, hakikumaliza dakika kumi. Mwanaanga wa Marekani anaokota chupa ufukweni, anatoka mwanamke wa kijini, anampenda, anamfuata mpaka nyumbani na kumwita bwana wake. Kwa Wamarekani ni kichekesho. Kwa mtu yeyote wa pwani hii, kuanzia Kilwa mpaka Msimbati, huyo ni jini mahaba, na kuna watu wamekesha kwa mganga kwa ajili yake. "Zima hiyo," akasema bibi. Nikazima.

Wenzetu walipataje ujasiri wa kumfanya mchawi mke wa mtu, mama wa watoto, jirani mwema? Jibu langu ni muda. Mji wa Salem, Massachusetts, uliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi mwaka 1692, wengi wao wanawake. Tangu 2005 mji huohuo una sanamu ya Samantha, kakaa juu ya ufagio, watalii wanapiga naye picha. Kati ya kamba na Samantha ilipita miaka zaidi ya 270. Hakuna mtu aliyekuwa akimwangalia Samantha huku akimjua kwa sura bibi aliyeuawa.

Sisi tunawajua. Kanda ya Ziwa vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe. Huku kusini tuna moshi wetu. Aliyewahi kubangua korosho nyumbani, zile za kuchoma kwenye bati kuukuu uani, anajua. Mafuta ya maganda yanawaka, moshi unakaba, macho yanawasha siku nzima, mikono inabaki myeusi na kuchubuka. Bibi amefanya hivyo tangu hajavunja ungo. Macho aliyoyaleta mjini kutibiwa yalikuwa mekundu kama pilipili.

Sasa fungua vichekesho vyetu, kwenye runinga au kwenye simu. Mchawi humkosi: kikongwe, kaniki, ungo, macho mekundu, sauti ya mkwaruzo. Mara nyingi ni mwanaume kajifunga khanga na kujaza matambara kifuani. Anaanguka na ungo wake juu ya paa la watu, asubuhi anakutwa uchi, watu wanamzomea. Na mimi nimecheka, sitajifanya mtakatifu. Nilikuwa nacheka kipande cha namna hiyo kwenye simu hapohapo sebuleni, bibi akaomba aone. Nikasema bando limeisha. Lilikuwapo.

Wapo watakaosema ni utani tu. Sawa, ni utani, lakini mzaha huo unafundisha sura ya kumtambua mchawi, na sura yenyewe ni ya mtu aliyepikia familia kwa kuni miaka hamsini.

Hata Bewitched walilijua hili mapema. Katika msimu wa kwanza, 1964 hiyohiyo, Darrin, ambaye kazi yake ni matangazo ya biashara, anapewa kazi na mwenye peremende anayetaka picha ya mchawi kikongwe mwenye sura ya kutisha. Samantha na wenzake wanakuja juu: kwa nini siku zote tunachorwa hivyo? Kipindi cha kuchekesha kinasimama kumtetea kikongwe! Baadaye wachawi wa runinga yao walizidi kuwa vijana. Sabrina alipokuja 1996 alikuwa msichana wa shule, kazungukwa na shangazi wawili na paka anayesema. Ni juzijuzi tu, kuanzia tamthilia ya WandaVision ya 2021 hadi Agatha All Along ya 2024, ndipo mwanamke mtu mzima, mchawi Agatha wa mwigizaji Kathryn Hahn, alipoachiwa uchawi, ujanja na kichekesho vyote kwa pamoja, bila mume wa kumkataza.

Kwetu kichekesho cha mwanamke mwenye siri kilikuwapo kabla ya runinga. Kipo unyagoni. Makungwi wanaimba na kuigiza, wanamwiga mume mvivu, mume mlevi, mume asiyejua kazi yake, na waliomo ndani wanagaragara kwa kicheko. Mengine siyaandiki hapa, nitaitwa kikao. Pale kikongwe ndiye mchekeshaji, mwanaume ndiye anayechekwa. Runinga ilipofika, viti vikageuzwa, na sijui mwandishi hata mmoja wa vichekesho aliyewahi kwenda kumuuliza kungwi anachekeshaje.

Aliyemkosha bibi kuliko wote ni Aunt Clara, shangazi yake Samantha. Mchawi mzee, msahaulifu, kila akiroga linatoka jingine, anajaribu kupita ukutani anagonga, na anakusanya vitasa vya milango. Hakuna anayemkimbia. Wanamwekea kiti, wanamsubiri akumbuke. Kila jioni bibi aliuliza kwanza kama yule wa vitasa yumo.

Tulipofika misimu ya mbele akawa haonekani tena. Siku ya tatu bibi akadai jibu. Nikamwambia mwigizaji wake, Marion Lorne, alifariki 1968.

"Kwa maradhi gani?"

"Moyo, bibi."

Akanyamaza, akifuta macho kwa pindo la khanga, dawa ya matone ilikuwa bado inawasha.

"Wakamtaja nani?"