Blokicheni Haitapanda Nguzo za Nyalenda

Juzi nilimsikia mtaalamu mmoja hapa Kisumu akiapa kwamba blokicheni itamaliza wizi wa stima. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Nilitoka na hasira, na bado ninayo, maana kwetu Nyalenda transfoma imelemewa na waya za wizi ikaungua tena, na tunaolala gizani ni pamoja na sisi tunaonunua tokeni.

Blokicheni ni daftari imara la kompyuta, silipingi hilo. Kila ukurasa umefungwa na ule uliotangulia na nakala ziko kwa wengi, kwa hiyo ukigusa tarakimu moja ya mwezi jana utajulikana. Lakini daftari huandika kile linachoambiwa na mita. Fundi wa mtaa akipanda usiku akaning'iniza waya wake kwenye laini, stima hiyo haipiti kwenye mita yoyote. Litaandika nini? Na mita iliyochezewa itatuma uongo, na uongo huo utahifadhiwa usifutike kamwe.

Kinachomfichua mwizi ni hesabu. Weka mita kwenye transfoma, ipime stima inayoingia mtaani. Jumlisha mita za nyumba zote zinazolishwa nayo. Ondoa ile inayopotea kama joto kwenye waya. Pengo linalobaki ndilo la kufuatiliwa, kwa miguu, nguzo kwa nguzo. Ila lazima ujue nyumba ipi iko kwenye transfoma ipi, na transfoma ikiungua watu huhamishiwa laini nyingine bila rekodi kufuata. Pesa ziende hapo! Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 nchi hii ilipoteza takriban asilimia 23 ya umeme, si wote wa wizi, na sehemu ya hasara kama hiyo EPRA, mdhibiti wa nishati, huiruhusu iingie kwenye bei tunayolipa.

Nakubali, shingo upande, kwamba dhidi ya mfanyakazi anayefuta deni la mtu ofisini, daftari lisilofutika lina kazi.

Ila kichochoroni kwetu waya umepita juu ya kamba za nguo, kiungo kimeviringishwa karatasi ya nailoni. Mawingu yakitanda, akina mama huwaita watoto ndani. Mmoja wao ni mpangaji. Mwenye nyumba wake hajawahi kuomba mita, kwa hiyo mama huyo humlipa fundi kila mwezi. Pesa anazo za kulipa, na anazilipa. Mpeni mita yake, alipie kuunganishwa kidogo kidogo, kisha leteni daftari lolote mnalotaka.