Ami, Huna Pau?

Kwa nyie mlioipata ile sauti kwenye kundi la WhatsApp, ya kwamba nililala kwenye meza ya karata nikamliza Ami, tuelewane kwanza. Ami hakulia. Alivua miwani akaifuta, basi. Na mimi sikuwa nimelala mezani. Laiti ningekuwa nimelala, angalau ningekuwa na la kujitetea.

Jamaa aliyeirusha ile sauti alikuwa meza ya jirani, mgongo katupa sisi. Kasikia sentensi moja tu, nyengine zote katia chumvi mwenyewe. Sasa nisikilizeni mwenye tukio.

Mnajua kwamba tangu baridi ianze huku Uingereza nimekuwa nikienda kucheza briji na Ami, ule mchezo wa karata wa watu wanne, wawili kwa wawili. Ami yule yule, wa Malindi ya Unguja, mhasibu mstaafu, anayecheza briji tangu mimi sijazaliwa. Mwenza wake wa siku zote anauguza goti, ndipo akanitizama mimi. "Karata si unajua?" Nikamwambia karata nimezaliwa nazo, barazani kwetu nilikuwa siambiliki.

Wallahi, barazani na kule ni mbali. Barazani mwenzako akiwa na turufu utajua tu: atakukonyeza, atakohoa, atajikuna sikio. Kule hata ukivuta pumzi kwa nguvu wanakutizama. Kunadi kwenyewe, yaani kutaja turufu unayoitaka na mizunguko mtakayokula juu ya sita, hakuna kutamka. Kila mtu ana kisanduku cha kadi, unachomoa yako unaiweka mezani kimya. Ya kijani ni pasi, yaani hunadi kitu. Kama unataka kumwambia mwenzako kitu, mwambie kwa kadi hizo hizo, kwa mafumbo mliyokubaliana, na wapinzani wana haki ya kuyajua mafumbo yenu.

Basi Ami ananisomesha mafumbo garini. Stayman: yeye akifungua "bila turufu" moja, mimi nikisema pau mbili sina haja na pau, namuuliza kama ana kopa nne au shupaza nne. Blackwood: bila turufu nne, nauliza una ree ngapi. Naitikia "naam Ami, naam Ami", macho yapo kwenye simu. Na katikati ya naam hizo ilipita splinta.

Splinta ni hivi (na nyie mnaojidai mnaijua, kaeni kimya). Mimi nimefungua shupaza moja. Ami angetaka kutaja pau kweli, angesema mbili. Akiruka mpaka nne, anasema: "Shupaza zako nimezipenda, nina nne zangu, nguvu ninazo, na kwenye pau nina karata moja tu au sina kabisa." Pau zinatajwa kwa sababu hazipo! Mama mmoja wa Kimarekani, Dorothy Truscott, ni katika wanaotajwa kuileta hii miaka ya 1960. Sina ugomvi naye. Lakini.

Sasa twendeni polepole.

Nina shupaza tano: ree, mfalme, ghulamu, nane, tano. Ree ya kopa. Mfalme wa uru. Na pau tatu za kutia huruma: sita, nne, tatu. Nikafungua shupaza moja, kifua mbele. Babu wa kushotoni, pasi. Ami akachomoa kwanza ile kadi nyekundu ya STOP, inayotolewa mtu akitaka kuruka, ili mpinzani anayefuata angoje kama sekunde kumi asijibu kwa pupa. Kisha akaweka pau nne, taratibu, kwa heshima zote.

Sekunde kumi zile hazikuwa zangu, lakini nilizitumia. Nikapiga hesabu. Ami kaing'ang'ania pau, kwa hivyo anazo nane. Mimi tatu. Jumla kumi na moja. Mzee wa watu kapata karata za maisha yake, mimi nani nimharibie? Nikajiona mtu mzima, mtu asiye na tamaa.

Bibi wa kuliani, pasi.

Nikatia mkono kisandukuni. Kadi ya kijani ilinata na mwenzake, nikazitenganisha kwa kucha. Hata kadi ilikuwa inanionya, jamani. Nikaiweka mezani.

Ami akaitizama. Hakunitizama mimi, aliitizama kadi. Yule bibi naye nyusi zilipanda kidogo, zikashuka. Mumewe alipiga pasi kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu wa umri wake. Mnada umefungwa: pau nne, turufu ni pau, mchezaji, yaani wa kucheza karata zake na zangu, ni Ami.

Hapo ndipo ubaya wa briji. Mwenza wa mchezaji hulaza karata zake zote mezani, hadharani, kisha hukaa kama sanamu, hana kauli. Bibi akaanza na ree ya pau. Nami nikalaza. Turufu huwekwa mkono wa kulia, kwa hiyo nikazipanga vizuri, tena nikazinyoosha kwa kidole: sita, nne, tatu. Kanuni ya adabu inamtaka mchezaji aseme "ahsante, mwenza". Ami alisema. Sauti ilitokea mbali.

Akaita tatu kutoka kwangu, yeye akatoa saba ya pau. Nikasema moyoni, sawa, anaanza na ndogo.

Bibi akashusha mfalme wa pau. Ami akaita nne. Kisha akatupa uru.

Uru! Nikashtuka. Mzee kateleza, kuna adhabu ya kutofuata rangi! Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipokumbuka sheria moja niliyoishika barabara: sanamu haruhusiwi kushauri mchezo, lakini mchezaji asipofuata rangi anaweza kumuuliza kama kweli hana. Ni katika haki chache za sanamu kusema kitu. Nikaitumia. Kwa sauti, kwa Kiingereza safi, ukumbi mzima kimya:

"Huna pau, mwenzangu?"

Ami, ambaye mezani hajapata kutamka neno la Kiswahili, akanitizama kwa mara ya kwanza.

"Sina, mwanangu. Ndiyo nilokwambia."

Yule jamaa wa meza ya jirani ndipo alipoangusha karata zake chini.

Basi. Bibi alikuwa na pau sita, mumewe tatu, sisi wenye nyumba nne. Kula yao mizunguko sita, yetu saba, na tulitakiwa kumi. Hawakutupiga dabo, yaani kutuongezea adhabu, maana dabo ingenizindua nikakimbilia shupaza. Tulikuwa kwenye bodi nyekundu, ile yenye adhabu kali, kila mzunguko uliopungua ni 100, tukalimwa 300. Na kwa kuwa karata hizo hizo huchezwa na kila meza, kile kimashine cha matokeo kikatuonyesha wenzetu: shupaza sita, 1430, 1430, tena 1430. Waoga walioishia shupaza nne wamepata 680. Nasi chini kabisa na alama ya kutoa.

Pau zangu tatu mbovu, kumbe ndizo zilikuwa dhahabu. Mbili ningezikata kwa shupaza za Ami, nikapoteza mzunguko mmoja, mchezo umekwisha.

Garini alinyamaza mpaka kwenye mataa ya pili, akauliza kama simu yangu ina chaji, akanambia niiweke kwenye buti. Stika zenu za "Ami, huna pau?" nimezipokea, endeleeni. Ila mjue yule bibi alikuja na chai na biskuti akaniwekea mbele yangu kwa upole kabisa, akauliza kama wiki ijayo tutakuwepo, maana mumewe angependa tupangwe tena meza moja.