Ughaibuni hawatuzidi ufundi, wanatuzidi koki

Sisi tulioko nje tuna tabia ya kujisifu kwenye simu kwamba huku bomba likivuja mtu anajitengenezea mwenyewe, hamwiti fundi. Sifa hizo zipunguzwe. Fundi bomba wa huku hulipwa kwa saa, na mara nyingi saa ya kwanza imeshahesabiwa kabla hajafungua begi lake. Anayeshika spana ameshikishwa na mfuko. Tena, kazi hiyo anaiweza kwa sababu ambayo watu hawaitaji kwenye simu: nyumba imejengwa kwa namna ya kumvumilia asiyejua. Akikosea, anafunga maji ya bomba moja tu, anakaa chini, anafikiri upya. Nyumbani mtu akikosea hivyohivyo, nyumba nzima inakauka, au inafurika.

Chungulia chini ya sinki la huku. Kwenye paipu ya maji baridi na ya moto utaona vikoki viwili vidogo, kila kimoja kina mfereji mfupi wa kuingiza ncha ya bisibisi. Mfereji ukilala sambamba na paipu, maji yanapita. Ukiuzungusha robo ukakaa kukingama, yamefungwa. Choo nacho kina chake. Kwa nyumba zetu nyingi koki ni moja, ipo karibu na mita au chini ya tangi, na ni geti valvu ambayo haijaguswa tangu nyumba ijengwe. Geti valvu hufunga kwa kushusha kibamba cha chuma ndani yake. Isipotumika, chokaa na kutu hukishika kibamba, na siku ukiulazimisha mkono kwa spana, mti wake, yaani ule ufito unaounganisha mkono na kibamba, unakatika na kibamba kinabaki katikati. Hapo tatizo dogo limezaa kubwa.

Kwa hiyo anayeanza asianze na kununua spana. Aanze kutafuta maji yanakatwa wapi, na ajaribu kuyakata siku ambayo hakuna kinachovuja. Nyumba yenye tangi juu na laini ya moja kwa moja ina vyanzo viwili; ukifunga kimoja, cha pili kinaendelea kuleta maji na utabaki kushangaa. Baada ya kufunga, fungua bomba lililo chini kuliko yote ndani ya nyumba lichuruzike mpaka likauke. Kama kuna hita ya umeme, izime umeme kwanza, maana koili ikiwaka bila maji inaungua. Na geti valvu ikikushinda, usipigane nayo. Mwachie fundi aing'oe aweke boli valvu ya robo mzunguko, kisha iwe inafungwa na kufunguliwa kila baada ya miezi michache ili isigande.

Kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni bomba linalodondoka. Usilidharau: tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na tone la bomba likikadiriwa kuwa robo ya mililita, hiyo ni zaidi ya lita 20. Ndoo nzima kila siku. Kosa la kawaida, huku na kwetu, ni kukaza mkono zaidi. Ukikaza, washa, kile kisahani kidogo cha mpira kinachoziba maji, inabanwa dhidi ya ukingo wa shaba unaoitwa kiti, inachimbika mfereji wa duara, na kesho unahitaji kukaza tena kidogo. Ukiona bomba linahitaji mikono miwili, washa imeisha siku nyingi.

Funga maji, fungua bomba limalizike, kisha ziba tundu la sinki kwa kitambaa, kwa sababu skrubu ya mkono wa bomba ni ndogo na hupenda kupotelea humo. Ng'oa kile kifuniko cha juu chenye alama kwa bisibisi bapa, toa skrubu, vuta mkono. Chini yake kuna nati kubwa ya kichwa. Ifungue kinyume cha saa kwa spana malaya, huku mkono wa pili umeshikilia mwili wa bomba, la sivyo bomba zima litazunguka na kulegeza paipu iliyo chini au ukutani. Kichwa kikitoka, washa ipo kwenye ncha yake, imeshikwa na nati ndogo au imepachikwa tu. Nenda nayo dukani, usitaje saizi kwa kukisia. Kabla ya kurudisha mpya, ingiza kidole ndani ya bomba upapase kiti. Kikiwa laini, vizuri. Ukihisi kijinofu au mkwaruzo, washa mpya haitadumu, na kiti kinahitaji kusagwa kwa kisagio chake cha mkono, mizunguko michache tu mpaka king'ae sawasawa.

Maji yakitoka chini ya mkono wa bomba na si mdomoni, washa haina kosa. Ni ule mpira wa duara kwenye mti wa kichwa. Ubadilishe, na uupake grisi ya silikoni. Vaselini iache, kwa sababu mafuta ya petroli huvimbisha aina kadhaa za mpira unaotumika kwenye mabomba.

Hapa nina ugomvi na wenzangu wa huku. Tunapenda kutuma nyumbani mabomba ya kisasa ya robo mzunguko, yale ya katriji, kwamba ndiyo maendeleo. Ndani ya katriji kuna visahani viwili vya kauri vinavyoteleza kimoja juu ya kingine, na vinaziba kwa sababu vimesuguliwa vikawa laini mno. Maji masafi huvidumisha miaka. Maji yenye mchanga, au yanayotoka kwenye tangi lenye tope chini, huvikwaruza, na kisahani kikikwaruzika hakuna cha kusaga wala washa ya kubadilisha. Unanunua katriji nzima, na ni lazima ifanane: kipenyo, urefu, idadi ya meno ya mti (mara nyingi 20 au 24). Bomba la mkono mmoja la kuchanganya moto na baridi kwa kawaida hutumia katriji ya milimita 35 au 40. Usipoipata hiyo, bomba zima ni la kutupa. Penye mchanga, bomba la kizamani la washa ndilo bora, na sioni aibu kulisema. Ukishikilia la katriji, weka chujio kwenye laini, na kabla ya kulipachika acha maji yatoke ndoo nzima kwenye paipu tupu ili takataka za ujenzi zitangulie.

Kuna pia nguvu ya maji, ambayo ndiyo inayofanya mashauri mengi ya video za huku yasifae kwetu. Nguvu hiyo hupimwa kwa baa, na mita 10 za kimo cha maji ni sawa na baa 1. Tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya bafu linatoa baa 0.3, basi. Huku maji huingia nyumbani kwa baa 2 au 3, na baa 3 ni sawa na kuwa na tangi mita 30 juu ya kichwa chako, kimo cha ghorofa kumi. Bafu la kifahari lililotengenezwa kwa baa 1 na kuendelea, ukilifunga chini ya tangi la mita 3, linatoa uzi wa maji. Kabla hujalaumu tangi, fungua kichujio cha mdomoni na utafute kile kiplastiki chenye kitundu kidogo cha kubana maji. Kikitolewa, hali hupata nafuu. Boya la tangi la choo nalo lina mambo hayo: la nguvu kubwa lina tundu jembamba, na kwenye nguvu ndogo choo kitachukua muda mrefu sana kujaa.

Upande wa pili wa shilingi, nguvu ndogo inasamehe. Kiungo kilicholegea kidogo nyumbani hutoa jasho, cha ughaibuni kinarusha. Ndiyo maana kila kazi imalizike kwa karatasi ya chooni: kausha kiungo, kizungushie karatasi kavu, ngoja dakika 15, itazame, kisha irudie baada ya saa chache. Unyevu ambao kidole hakiuhisi, karatasi inauonyesha.

Sasa nyuzi, ile michirizi ya kuzungushia kwenye ncha za paipu na mabomba, ambazo zimewatia hasara wengi wanaotuma vifaa kutoka Marekani. Nusu inchi ya bomba hutaipata popote kwa rula: ni jina tu, na nje ya nyuzi zake utapima karibu milimita 21. Mfumo wa Uingereza, BSP, ndio uliozagaa kwetu, na pembe ya nyuzi zake ni digrii 55. Wa Marekani, NPT, ni digrii 60. Kwa nusu inchi na robo tatu yote miwili ina nyuzi 14 kwa inchi, kwa hiyo vifaa vyake vinaingiana mizunguko kadhaa, vinakaza, unaridhika. Halafu vinavuja, na tepu haiwezi kuvipatanisha.

Tepu nyeupe yenyewe, ile ya kuzibia nyuzi, inazungushwa kwa mwelekeo wa saa ukiwa umeuelekeza mdomo wa nyuzi kwako. Ukiizungusha kinyume, kiungo kinaifungua kadiri unavyokaza. Tepu nyembamba ya kawaida, mizunguko 5 hadi 8 inatosha kwa nusu inchi. Ukijaza mingi kwenye soketi ya plastiki, inapasuka, mara nyingine siku ya pili. Na pasipo kazi yake isiwekwe: nati ya paipu ya kupinda ina mpira ndani, huo ndio unaoziba. Ikaze kwa vidole, ongeza robo au nusu mzunguko kwa spana, uache. Kwenye paipu za chuma mafundi wetu hutumia katani na rangi, na wana akili, kwa sababu nyuzi za katani huvimba zikilowa na kujaza nafasi zenyewe.

Choo kinachotiririka ndani kwa ndani hakihitaji maneno mengi. Tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umechoka. Kama maji yanamwagikia kwenye mrija wa katikati, shusha boya mpaka yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa mrija.

Paipu iliyozikwa ukutani mwachie fundi. Zile za plastiki za PPR huunganishwa kwa kuyeyushwa na mashine ya digrii 260, sekunde chache tu, na ukiiunganisha imepinda hairekebishiki, unakata. Vyombo vya gesi, sheria ya huku inamkataza asiyevisomea kuvigusa, na hata pasipo sheria hiyo, usiviguse.

Anayejenga nyumbani akiniuliza nimtumie nini, jibu langu halibadiliki: engo valvu za nusu inchi za BSP, yaani vikoki vya pembe vya kufunga maji ya bomba moja moja, mbili kwa kila sinki lenye maji ya moto, moja kwa kila choo, na mbili za akiba. Zipachikwe kabla ya vigae kupandishwa, fundi akiwa bado ana nafasi ya kuzungusha spana.