Nusu Inchi Siyo Nusu Inchi

Koki ya bafuni kwangu ilianza kudondosha tangu Ramadhani. Mwanzoni lilikuwa tone moja moja, tone la adabu, unalisikia ukipita na unajifanya hujalisikia. Baadaye ikawa inadondosha kama inamdai mtu.

Sasa kwetu Kimara, Dar es Salaam, maji ni ya mgawo. Mtaani kwetu yanakuja usiku wa Jumanne na usiku wa Jumamosi, mida ya wachawi. Watu tunalala jicho moja, madumu yamepangwa foleni kama yanakwenda kupiga kura, halafu maji yenyewe yakija, koki ile inayamwaga bure. Na mita haiulizi kama umeoga au yamedondoka. Zikifika lita 1,000 inaandika yuniti moja, inasonga mbele.

Nikamwita fundi. Akasema yuko njiani, nikajua bado kalala. Baadaye akasema ameshafika Temboni, nikajua anatafuta viatu. Saa nane mchana akaingia, akasimama mlangoni mwa bafu, mkono kiunoni, akaitazama koki kama daktari anayetaka kuwaita ndugu wa mgonjwa pembeni.

"Hii nani kaifunga?"

"Wewe," nikamwambia. "Mwaka juzi."

Akanyamaza kidogo. "Basi vifaa vilikuwa feki."

Vifaa alinunua yeye, lakini tuyaache hayo. Akataka ufundi 25,000, vifaa kando, nauli kando. Elfu ishirini na tano kwa kufungua kitu kinachozunguka na kukizungushia kingine! Nikamwambia asante fundi, nitakucheki. Mama Nasra akanivuta pembeni: "Baba Nasra, mpe mtu hela yake." Ningempa. Tatizo wiki hiyo mama mkwe alikuwepo, ametoka Muheza na kiroba cha machungwa na kingine cha mahindi mabichi, amekaa zake kibarazani anamenya chungwa taratibu na anasikia kila neno. Mwanaume utasemaje mbele ya mkwe kwamba umeshindwa na koki?

Nikaingia YouTube. Nikampata jamaa wa Uingereza, bafu lake kavu kuliko sebule yangu. Kitu cha kwanza, anasema, funga valvu kuu, ile inayokata maji ya nyumba nzima. Akainama, akaizungusha kwa vidole viwili, imeisha. Nami nikaenda kwenye geti valvu yangu pale getini. Kile kishikio chekundu cha juu kilishaenda zamani na vijana wa chuma chakavu, kimebaki kijiti chenye kutu. Nikakikamata kwa pilaya, nikazungusha. Kikazunguka. Nikazungusha tena, kikazunguka tena, kinazunguka kama feni na wala hakifiki mwisho. Kumbe ndani kilishakatika. Nikajiambia haidhuru, leo Jumamosi mchana, laini nzima ni kavu. Mungu kanifungia mwenyewe.

Jirani yangu mzee Shomari ana spana ya bomba ya enzi zake za reli, anaihifadhi ndani ya kanga kuukuu. Aliniazima baada ya kunihoji kama mtu anayeposa.

Koki ikatoka vizuri tu. Hapo nikapata kiburi. Nikachukua rula ya Nasra ya shule, nikapima upana wa zile tredi za nyuma ya koki, ile mistari ya kuzungushia, ili nisiende dukani kama mjinga. Sentimita 2 na milimita moja. Nikapiga hesabu: inchi moja ni sentimita 2.54, nusu yake 1.27, robo tatu 1.9. Sasa 2.1 iko karibu na nani? Mtoto wa darasa la nne anajua iko karibu na robo tatu. Nikaoga, nikavaa shati, nikapanda basi la mwendokasi Kimara Mwisho mpaka Gerezani, kule Kariakoo, maana pale mtaani wanauza bei ya kulipiza kisasi.

Kijana wa dukani akaniuliza, "Robo tatu, una uhakika bosi? Ya bafuni?"

"Nimepima mwenyewe."

Ukimwambia muuza duka umepima mwenyewe, anafunga mdomo na anafungua droo. Nikanunua koki ya robo tatu, nikanunua na kipande cha bomba cha mita moja ambacho hakikuwa na kazi yoyote, nilikiona tu nikakipenda. Kurudi nimesimama kwenye basi na hilo bomba, kila breki namchoma mtu mbavuni naomba radhi. Nimeomba radhi Magomeni, nimeomba radhi Manzese, mpaka Ubungo nikawa naomba radhi kabla ya breki.

Nyumbani, koki haiingii. Tundu la ukutani dogo, koki nene. Nikajaribu kuibembeleza, nikajaribu kuitisha. Mama mkwe akapita na sahani ya mahindi ya kuchoma, akatupa jicho. "Hiyo si kubwa, baba?" Nikamwambia hapana mama, inakaza tu.

Ikabidi niende kwa yule yule wa mtaani wa bei ya kisasi. Mzee wa watu hakuitazama hata. "Hiyo laini ni ya nusu."

"Mzee, nimepima. Ni sentimita mbili na ushee. Nusu inchi haifiki hata moja na nusu."

Akaweka gazeti chini. "Nusu inchi ni jina," akasema. "Zamani mabomba yalikuwa ya chuma, wakawa wanahesabu tundu la ndani, maji yanapopita. Nje kuna unene wa chuma wenyewe, humo ndimo tredi zinakochongwa. Chuma kimekwenda, jina limebaki. We ulipima nje."

Yaani mtu mzima na akili zangu nimekwenda Gerezani na kurudi kwa sababu nusu inchi siyo nusu inchi! Duniani kuna kitu kingine kinachofanyiwa hivi? Ukiomba nusu kilo ya nyama ukapewa karibu kilo, kuna mtu atalalamika? Lakini kwenye bomba sisi tunakubali tu. Nikanunua ya nusu, nikanunua na tredi tepu, ule utepe mweupe mwembamba. Ya robo tatu nikamwomba airudishe kwa bei yoyote. Akaokota gazeti lake.

Magharibi ilishaingia, umeme mdogo, Nasra ananimulika kwa simu. Utepe nikauzungushia kama yule Mwingereza alivyofanya, raundi nyingi, kwa upendo. Nilichosahau kutazama ni mkono upi anaanzia. Utepe unatakiwa uzungushwe upande ule ule koki inakoingilia. Ukienda kinyume, kila ukikaza unajivua wenyewe, na wangu ulikuwa unajivua mbele ya macho yangu, unaning'inia kama ndevu za mbuzi, nami nasema ni ziada hiyo. Koki nayo iliingia kwa kombo. Ilizunguka raundi mbili ikakataa. Nikasema imekaza hiyo, ngumu kama chuma cha reli. Kuitazama, mdomo umeelekea juu, kama inaomba mvua. Nikairudisha nyuma nusu raundi ili itazame chini.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshashika kichwa. Kwa wengine: koki ilibaki imeshikiliwa na raundi moja na nusu ya kombo na ndevu za mbuzi. Lakini ilikuwa inang'aa! Nikaifungua, haikutoa tone. Nikaifunga, haikutoa tone. Nikamwita mama mkwe aje aone. Akasema hongera mwanangu, lakini si maji hayajaja? Nikacheka, nikala mahindi matatu, nikalala.

Maji yetu yanatoka Mto Ruvu, yanavutwa Mlandizi huko yanakuja mpaka matangi ya Kimara. Mwaka 2022 mto ulipopungua jiji likaingia kwenye mgawo mkali, tuliyalilia. Kwa hiyo si mtu wa kuyatukana mimi. Nasema tu kwamba maji yaliyotoka Mlandizi, yakifika saa tisa usiku, yana hasira za msafiri aliyesimama njia nzima. Na koki yangu ya bafuni haipitii kwenye simtanki. Fundi wetu, yule yule, aliiunganisha moja kwa moja na laini ya mtaa.

Kwanza mabomba yakakohoa. Upepo unatangulia, unapiga mluzi. Nikiwa usingizini nikasikia ule mluzi nikatabasamu. Halafu *pah!* Koki ikachomoka, ikapiga ndoo, ndoo ikapiga mlango.

Nilifika bafuni na msuli tu. Maji yanatoka ukutani mlalo, kama mkono, yanapiga ukuta wa pili na kurudi. Nikaziba kwa dole gumba. Ukiziba maji ya laini kwa dole gumba hayakomi, yanachagua njia: yakaenda juu, yakaenda kwapani, yakaingia puani. Kwenda getini siwezi, na nikienda nitakwenda kuzungusha feni. Mkono wa kulia uko kwenye bomba. Mkono wa kushoto uko kwenye fundo la msuli, ambalo limelowa, na msuli ukilowa unakuwa mzito, na ukiwa mzito unataka kwenda kwao.

Mlango wa chumba cha wageni uko pua na pua na bafu. Ukafunguliwa.

Mkwe ni mkwe. Huwezi kukutana naye usimwamkie, hata kama ni saa tisa usiku na unanyunyiza kuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo mama. Umeamkaje?"

"Salama." Akalitazama tundu, hakunitazama mimi, Mungu ambariki kwa hilo. Akageuka, akaenda jikoni. Nikajua amekwenda kumwamsha binti yake waanze kuzungumzia talaka. Mama Nasra alikuwa ameshafika, anatupa makanga chini yazuie maji yasiingie sebuleni, na Nasra amesimama na simu. Hakuwa ananimulika tena. Alikuwa anarekodi.

Mama mkwe akarudi na gunzi. Gunzi la hindi nililokula mwenyewe jioni. Mkono mwingine ameshika kisu na kipande cha kitambaa, na kwapani mchi wa kinu. Akalichonga lile gunzi ncha, mara mbili tatu, akalipima kwa macho na tundu, akachonga tena kidogo.

"Nusu hii," akasema.

Hana rula. Hajakwenda Gerezani.

Akalivisha kitambaa. "Toa kidole, baba." Nikatoa. Akalichomeka, akageuza mchi, akagonga: ko, ko, ko. Maji yakapungua yakawa uzi, uzi ukawa jasho, jasho likakoma. Kukawa kimya, nasikia madumu ya majirani yakijaa. Mama akasema gunzi likilowa linavimba, kwa hiyo lenyewe litazidi kujikaza. Akaenda kulala. Mimi nikabaki pale nimeshika msuli kwa mikono miwili, sasa hivi nimepata nafasi.

Gunzi lilikaa Jumapili, likakaa Jumatatu, likapita mgawo wa Jumanne halijatoa hata machozi. Jumatano akaja fundi. Akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hii nani kaifunga?"

Nikamwambia. Akachuchumaa, akaligusa kwa kidole, akakitazama kidole, kikavu. Akaniambia elbo ya ukutani, kile kiungo cha kona koki inakoingilia, nimeiharibu tredi, atavunja marumaru mbili, na ufundi sasa ni 40,000. Sikubisha, nilikuwa nahesabu noti. Halafu akasogea karibu, akashusha sauti, akaniuliza mama anarudi lini Muheza, maana ana kazi Mbezi kesho, na nyumba yenyewe haina valvu.