Sheria ya Maafa Ifundishwe kwa Atakayeamshwa Usiku

Chukua sheria yoyote ya maafa, uisome ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila penye "anaweza", kisha zungushia duara kila penye "atakuwa na wajibu". Mara nyingi nikimaliza, mistari imejaa kurasa na maduara ni ya kuhesabu kwa vidole. Waziri anaweza kuunda kamati. Mamlaka inaweza kutenga fedha. Mkurugenzi anaweza kutoa tahadhari. Maji yakishaingia ndani, "anaweza" haimwamshi mtu usingizini.

Kila maafa makubwa yakipita, kilio ni kile kile: tutunge sheria. Na kweli nyingi zimezaliwa hivyo. Japani ilipitisha sheria yake ya msingi mwaka 1961, miaka miwili baada ya kimbunga cha Ghuba ya Ise kuacha watu wapatao 5,000 wakiwa wamekufa au kupotea. Sina ugomvi na hilo. Ila sheria inayoandikwa machozi yakiwa hayajakauka hujaa mahema, uokoaji na nani atangaze hali ya maafa, na haigusi kabisa yule aliyetia saini kibali cha kujenga kwenye mkondo wa maji miaka kumi nyuma. Methali ya ufa na ukuta tunaijua wote, lakini tukifika bungeni tunaandika sheria za ukuta.

Nikifundisha, naanza na Tyrnauz, mji mdogo wa milimani nchini Urusi. Mwaka 1999 maporomoko ya matope yaliharibu bwawa la kuzuia matope lililokuwa likiukinga. Taasisi iliyofuatilia hatari za milimani ikaiandikia serikali: tengenezeni bwawa, wekeni walau vituo vya uangalizi watu wapate kuonywa. Halikufanyika. Julai 2000 matope yakashuka tena usiku. Kesho yake yalipopungua, watu wakarudi majumbani. Walisema hakuna aliyewaambia kwamba amri ya kuhama bado ipo. Mchana likaja poromoko kubwa zaidi. Mwaka 2008, katika kesi ya Budayeva na wenzake dhidi ya Urusi, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba dola ilikiuka haki ya kuishi. Matope hayashitakiwi. Kilichohukumiwa ni barua zilizopuuzwa na bajeti ambayo haikutengwa.

Mwanafunzi akishaielewa kesi hiyo, hawezi tena kusema maafa ni kazi ya Mungu halafu akafunga daftari. Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hawafiki hapo. Somo lenyewe, likiwepo, hutupwa pembeni kama la hiari, likiwa na mikataba ya kimataifa tupu. Wakati sheria ya maafa imetawanyika kila mahali: kwenye ardhi, mipango miji, ununuzi wa umma, bima, forodha. Hiyo forodha ndiyo inayonikera zaidi. Dawa za msaada zinakaa bandarini hadi zinaharibika, na ofisa tunayemlaumu si mtu katili. Hana kifungu kinachomruhusu kuachia mzigo. Miongozo ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu kuhusu misaada ya kutoka nje ipo tangu 2007, lakini ni miongozo tu. Bila bunge kuiingiza kwenye sheria za nchi, pale bandarini ni karatasi.

Wapo wanaoogopa kwamba wajibu ukiandikwa wazi mno, wataalamu watafunga midomo wasije wakafungwa. Hofu hiyo ina msingi. Baada ya tetemeko la L'Aquila, Italia, la mwaka 2009, wanasayansi sita walitiwa hatiani mwaka 2012 kwa tathmini ya hatari waliyoitoa kabla ya tetemeko hilo, wakaachiwa kwenye rufaa mwaka 2014. Kwangu mimi hilo linadai uwazi zaidi: sheria iseme nani anapima hatari, nani anawatangazia watu, na kila mmoja anawajibika kwa lipi.

Zoezi langu ni moja. Ni saa nane usiku, mto umefurika. Mezani kuna sheria ya maafa, sheria ya serikali za mitaa na kanuni za fedha. Shule ifunguliwe kwa amri ya nani? Asiyetaka kuhama ahamishwe kwa kifungu kipi? Dizeli ya malori nani aidhinishe? Dakika kumi za kwanza husikii kitu ila kurasa. Kisha mtu anasoma kwa sauti, "kwa namna itakayoelekezwa kwenye kanuni", na mwenzake anauliza kanuni zenyewe ziko wapi. Hazijawahi kutungwa. Hapo ndipo ninapotamani mwandishi wa miswada angekuwa amekaa kiti cha nyuma, maana matundu yanayoonekana katika zoezi hilo hayaonekani kwenye semina za kuzindua sera.

Siku moja nililifanya na maofisa badala ya wanafunzi. Tulipomaliza, mmoja alibaki, akaniambia ana miaka sita kwenye kamati ya maafa na leo ndiyo ameishika sheria hiyo mkononi mara ya kwanza. Akaomba nakala. Nilikuwa na moja tu, yenye mistari yangu na maduara yangu machache. Nikampa hiyo hiyo.